Vitabu Vilifika, Mtoto Hakufikiwa

Mwaka 1996 shule 25 za msingi za Busia na Teso, upande wa Kenya, ziliteremshiwa vitabu vipya. Mfadhili alikuwa ICS, shirika la Kikristo la Uholanzi lililokuwa likifanya kazi Busia, na nia yake ilikuwa safi. Shule hizo zilikuwa miongoni mwa 100 zilizoorodheshwa kuwa na uhitaji. Katika madarasa yake mengi vitabu vilikuwa vya kuhesabika, mwalimu akiandika ubaoni na watoto wakinakili. Sasa vilikuja vya Kiingereza kuanzia darasa la tatu hadi la saba, vya hesabu kwa baadhi ya madarasa, na vya sayansi kwa darasa la nane, karibu kitabu kimoja kwa kila watoto wawili. Mzazi gani asingeshangilia?

Wachumi watatu, Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin, walifuatilia watoto wa shule zilizopata vitabu na wa zile ambazo zamu yao ilikuwa haijafika, wakilinganisha alama za mitihani. Kwa wastani hawakuona tofauti. Mtoto wa kawaida aliyekuwa na kitabu hakumpita mtoto wa kawaida aliyekuwa hana. Waliopanda ni wale waliokuwa wanaongoza tangu mwanzo. Mwerevu alizidi kuwa mwerevu, na aliyekuwa nyuma alibaki palepale, ila sasa alikuwa na kitabu mkononi.

Sababu waliyoitoa ni ya kuumiza. Vitabu vilikuwa vya mtaala wa taifa, kwa Kiingereza, na kwa mtoto wa Kikhayo au wa Kiteso Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya ile ya mama na Kiswahili. Wengi hawakuweza kuvisoma. Mtaala wenyewe ulikuwa umetungwa kwa kumtazama mtoto anayeelekea juu, yule ambaye angefika shule ya upili na pengine chuo kikuu, na kitabu kilichotokana nao kilimfuata mtoto huyohuyo. Hakuna aliyekusudia kumwacha yeyote. Msaada ulipita njia iliyokuwa tayari imechimbwa.

Kremer alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, na jina la Busia leo linasomwa katika vyuo vya mbali ambako hakuna anayejua Busia iko wapi. Lakini katika mikutano ya wazazi ya Busia yenyewe, kisa hiki ni nadra kusimuliwa. Nakisimulia hapa kwa sababu ya shule za upili, zetu na za ng'ambo ya mpaka, Uganda. Kila tunapofungua ofisi ya ushauri nasaha, kila tunapoanzisha masomo ya ziada alfajiri, kila tunapogawa basari, tunarudia kile kitendo cha 1996: tunaleta mzigo mzuri, tunauweka mlangoni, kisha tunadhani kila mtoto ana mikono ya kuuinua.

Mpaka huu una namna yake ya kurudia mambo. Machi 2020 Uganda ilifunga shule kwa ajili ya korona. Madarasa ya watahiniwa yalirudi Oktoba, mengine yakaanza kurudi kwa awamu mapema 2021, na Juni mwaka huo zikafungwa tena, hadi tarehe 10 Januari 2022. Kufungwa huko kunahesabiwa miongoni mwa kurefu zaidi duniani. Kenya nayo ilifunga Machi 2020, lakini kufikia Januari 2021 madarasa yote yalikuwa yamefunguliwa. Kwa hiyo nusu ya pili ya 2021 kijana wa Malaba ya Tororo alikuwa akiwatazama wenzake wa Malaba ya Kenya, ng'ambo ya mto, wakienda shule na sare zao, yeye akiwa hana pa kwenda. Ukoo ni mmoja, lugha ni moja, soko ni moja, na mmoja anaandika mtihani wa muhula huku mwingine akisukuma mkokoteni.

Wizara ya Elimu ya Uganda haikukaa bure. Yaliandaliwa masomo ya kujisomea nyumbani, yakachapwa na kusambazwa, mengine yakatoka magazetini, mengine yakasomwa redioni na kwenye televisheni. Sasa tazama yalikokwenda. Kijana wa sekondari mwenye baba mwalimu, meza, taa na redio aliyafungua makaratasi yale na kuendelea na fizikia yake. Kijana mwenye mama anayetoka alfajiri kwenda kuuza mitumba, nyumba ya chumba kimoja, na wadogo watatu wa kulisha, aliyapokea yaleyale, au hakuyapokea kabisa. Upande wa Busia ya Uganda kuna machimbo ya dhahabu, kama yale ya Tiira, na vijana waliingia humo. Wengine walikamata boda boda. Wasichana wengi walipata mimba. Karatasi za kujisomea zilimfaa yule ambaye hata bila hizo asingepotea.

Shule zilipofunguliwa Januari 2022, wanafunzi walipandishwa madarasa, na wizara ikaagiza shule ziwapokee wasichana wajawazito na wanaonyonyesha. Agizo hilo nalisifu kwa moyo wote. Kenya ilikuwa na sera ya namna hiyo tangu 1994, na bado kuna wasichana wanaogeuzwa getini. Lakini hebu tumfuate msichana huyo hatua moja zaidi. Aliiacha shule akiwa senia wani, yaani kidato cha kwanza, sasa anaketi senia tu au senia thrii, mtoto yuko kwa bibi, maziwa yanamuuma kifuani saa nne asubuhi, na hesabu iliyo ubaoni inadai mambo mawili ambayo hakuwahi kufundishwa. Ameruhusiwa kuingia. Nani amepewa kazi ya kumpokea?

Jibu la kwenye karatasi lipo pande zote mbili. Uganda kila shule inatakiwa kuwa na mwalimu wa kike aliyeteuliwa kuwa mlezi wa wasichana, na mwenzake wa kiume kwa wavulana. Kenya kila shule ya upili ina idara ya ushauri nasaha. Wazo hilo ni la zamani: kamati ya Gachathi ililipendekeza mwaka 1976. Lilipata nguvu mpya mwaka 2001, mwaka mchungu, pale wavulana 67 walipoteketea bwenini katika shule ya Kyanguli, Machakos, moto uliowashwa na wanafunzi wenzao. Serikali ikaunda jopo chini ya Naomi Wangai lizunguke kuuliza kwa nini shule zinachomwa, na miongoni mwa waliyoyasisitiza ni kuimarishwa kwa ushauri nasaha. Mwaka huohuo kiboko kikapigwa marufuku shuleni kwa sheria. Nchi ikaamua, na iliamua sawasawa, kwamba mtoto asikilizwe badala ya kuchapwa.

Ila kiboko kilipowekwa chini, jukumu la kusikiliza lilipewa mwalimu yuleyule aliyekuwa akikishika. Hapa ndipo kisa cha vitabu kinaponirudia kwa nguvu. Mwalimu wa ushauri katika shule nyingi za mpakani ana vipindi vyake vyote vya Historia au Baiolojia, ana madaftari ya kusahihisha, ana zamu yake ya wiki, na mara nyingi ni mwanakamati wa nidhamu pia. Mafunzo yake ya ushauri huenda ni semina ya siku chache wakati wa likizo. Ofisi, kama ipo, ni meza ya pembeni katika chumba cha walimu, mahali ambapo mtoto akisimama kila anayepita anajua ameitwa au amejileta. Hatuwezi kumlaumu mwalimu huyo. Wengi wao ninaowajua hununua taulo za hedhi na unga wa uji kwa pesa zao.

Tuseme msichana wa shule ya upili ya kutwa Busia, ambaye mama yake anauza nguo Sofia, mpakani, amekosa shule Alhamisi mbili mfululizo kwa sababu Alhamisi mama ana mzigo wa kuvusha na hana wa kumwachia mtoto mchanga. Kuna dereva wa trela ambaye, foleni ya magari ikiwa ndefu, hulala mjini siku tatu nne, na ameanza kumnunulia chipsi na kumpa ya nauli. Jumatatu anajipa moyo na kumwendea mwalimu wa kike mlangoni mwa chumba cha walimu.

"Madam, shikamoo. Naomba kuongea na wewe kidogo."

"Marahaba. Wewe si ndiye hukuja Alhamisi? Barua ya mzazi iko wapi?"

"Sina, Madam."

"Basi kaniletee mzazi kwanza, ndipo tuongee."

Mwalimu huyo hakukosea kwa kanuni za shule. Mahudhurio ni wajibu wake, na mwalimu mkuu atamuuliza. Lakini alikuwa amevaa kofia ya nidhamu wakati mtoto alipokuja kutafuta ile nyingine, na mtoto hana namna ya kujua kofia ipi iko kichwani leo. Mama hawezi kuja Jumatatu wala Jumanne. Jumatano msichana hatoki nyumbani kabisa. Kwenye rejista ataandikwa mtoro, na mwisho wa muhula atahesabiwa miongoni mwa walioacha kwa hiari yao.

Msichana wa kisa hiki ni wa kubuni, lakini mwalimu yeyote wa Nambale, Bumala, Malaba au Osukuru atakwambia amemwona.

Nani basi hufika kwenye ofisi ya ushauri na kusikilizwa vizuri? Fuatilia uone. Ni kiranja, ni mwanafunzi wa kidato cha nne anayetaka kujua masomo ya kuchagua chuoni, ni mtoto ambaye mzazi wake amepiga simu kwa mwalimu mkuu. Ni wale wanaojua kuzungumza na watu wazima. Huduma imefunguliwa kwa wote na inatumiwa na walio imara, na takwimu ya shule itaandika kwamba idara ipo na inafanya kazi.

Masomo ya ziada yana ugonjwa huohuo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza tuisheni wakati wa likizo, lakini madarasa ya saa kumi na moja alfajiri na ya jioni yanajulikana na kila mzazi, yakiitwa remedio. Neno hilo lingetufanya tutegemee tiba kwa aliyeugua. Ukiingia darasani utakuta mwalimu akiharakisha silabasi mbele, ili imalizike mapema na watahiniwa wapate muda wa kurudia. Aliyeachwa kwenye sehemu na desimali katika darasa la sita anaachwa tena, sasa mapema zaidi asubuhi, akiwa hajapata usingizi wa kutosha. Kurudi nyuma kumchukua mahali aliposimama hakumo katika ratiba ya mtu yeyote.

Na hilo linawezekana, kwani lilishajaribiwa jirani tu. Mwaka 2005, katika shule 121 za mkoa wa Magharibi wa Kenya zilizopewa mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza, nusu ziligawa watoto kwa kiwango chao na nusu zikawachanganya bila kuangalia kiwango. Katika shule zilizogawa, watoto wa viwango vyote walifanya vizuri zaidi, wakiwemo waliowekwa katika kundi la chini, kwa kuwa mwalimu sasa aliweza kuanza pale walipokuwa. Hao walikuwa watoto wadogo, na najua kumtenga kijana wa miaka 16 katika darasa la "wazito" kunaweza kumvunja moyo kabisa. Sisemi shule za upili zinakili mpango huo. Nasema saa ile ya alfajiri, ambayo tayari ipo na tayari mwalimu analipwa kitu, siku mbili tu kwa wiki ingeweza kuwa ya wale wanaotaka kurudi kwenye sehemu na desimali, mlango ukiwa wazi kwa yeyote bila kuitwa jina lolote.

Eneo hili limeona pia misaada iliyomfikia mtoto wa mwisho, na ukiichunguza utaona haikuwa ya gharama kubwa wala ya maneno mengi.

Kati ya 2003 na 2005, katika wilaya za Bungoma na Butere-Mumias, jirani kabisa na Busia, mchumi Pascaline Dupas alishirikiana na ICS, shirika lilelile la vitabu, katika shule 328. Katika sehemu ya shule hizo walimu walipewa mafunzo ya mtaala wa taifa wa ukimwi, ule uliohimiza kujizuia hadi ndoa. Katika shule 71 mjumbe wa mradi aliingia darasa la nane mara moja tu, kwa dakika 40. Aliwaonyesha filamu fupi kuhusu wanaume watu wazima wanaowahonga wasichana, kisha akaandika ubaoni viwango vya maambukizi ya virusi vya ukimwi vilivyopimwa Kisumu, vikigawanywa kwa umri na kwa jinsia. Wasichana waliona kwa macho yao kwamba mwanaume wa miaka 28 ana uwezekano wa kuwa na virusi mara kadhaa zaidi ya mvulana wa rika lao. Hawakuhubiriwa, na hakuna aliyewaita wabaya. Katika mwaka uliofuata, mimba za wasichana wa shule hizo zilipungua kwa asilimia 28, na kilichopungua hasa ni mimba za wanaume wakubwa. Mafunzo ya walimu kwa mtaala wa taifa hayakuonyesha badiliko katika mimba.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi nikipita Malaba na kuiona foleni ya matrela. Msichana wetu wa Jumatatu hakuhitaji kuambiwa tena kwamba mwili wake ni hekalu. Alihitaji mtu wa kumpa habari mahususi kuhusu mtu mahususi, yule dereva, na kumwachia akili yake imalizie. Habari hiyo ingemfikia akiwa amekaa katika benchi lake, pamoja na wenzake wote, bila kulazimika kupiga hodi mlangoni kwa mtu yeyote. Huduma iliingia darasani ikawakuta wote, mwenye ujasiri na asiye nao.

Katika shule hizohizo 328 kulikuwa na jambo jingine, la kitambaa tu. Watoto waliokuwa darasa la sita mwaka 2003 katika nusu ya shule walipewa sare za bure, mbili kwa kipindi cha miaka mitatu ya mwisho ya msingi. Baada ya miaka hiyo, walioacha shule miongoni mwa wasichana walipungua kutoka takriban asilimia 19 hadi 16, na waliopata mimba kutoka 16 hadi 13. Sare ilikuwa imegeuka ukuta: mtoto aliyechanika nguo alikuwa akirudishwa nyumbani, na aliyerudishwa mara tatu hakurudi tena. Mpenzi msomaji, orodha ya vitu vya kuripoti shule ya upili leo ni ndefu kuliko sare: sanduku, godoro, blanketi, viatu vya michezo, kikokotoo, na vingine ambavyo hununuliwa shuleni tu kwa bei ya shule. Ukitaka kujua watoto gani wanahitaji msaada, soma orodha hiyo kisha uhesabu nani hajaripoti wiki ya pili.

Upo pia mpango uliofanikiwa Busia na kukwama Teso, na kukwama kwake kunafundisha zaidi kuliko kufanikiwa. Mwaka 2001 ICS ilianza kutoa tuzo kwa wasichana wa darasa la sita katika wilaya zote mbili, kati ya shule 127 zilizohusika, nusu zikiingizwa katika mpango. Asilimia 15 ya juu walilipiwa karo, familia ikapewa pesa za vifaa, na majina yakatangazwa mbele ya wazazi. Busia alama zilipanda, hata za wasichana ambao hawakuwa na matumaini ya kushinda, na walimu wakaanza kufika kazini zaidi. Mzazi akijua kuna kitu cha kugombewa, anamuuliza mwalimu alikuwa wapi jana.

Teso mambo yalikuwa mengine. Juni 2001 radi ilipiga shule ya msingi huko, ikaua watoto saba na kujeruhi 27. Shule hiyo haikuwa hata katika utafiti. Lakini baadhi ya watu walilihusisha janga na wageni wale na pesa zao, na baadhi ya shule zikajitoa. Ni rahisi kwa mtu aliyesoma kuwacheka wazazi hao, na mimi nakataa kuwacheka. Walikuwa wamezika watoto. Shirika lilikuja na pesa katika jamii ambayo haikuwa imeulizwa vya kutosha ni nini kinaendelea, na palipotokea msiba usioeleweka, jambo geni ndilo lililobeba lawama. Hali ni hiyohiyo kwa mshauri mpya anayepelekwa shuleni leo na kuanza kuwaita wasichana mmoja mmoja ofisini, wazazi wakiwa hawamjui. Kabla ya kumsikiliza mtoto, amfahamu chifu, amfahamu padri na imamu, akae katika mkutano wa wazazi na aseme kwa Kiswahili cha kueleweka: nikisikia jambo hili nitanyamaza, nikisikia lile nitalazimika kumwambia fulani. Bila hivyo mtoto atamwambia siri moja, siri itafika nyumbani kwa njia ya uvumi, na ofisi hiyo haitaingiwa tena.

Ugumu wa mpakani hauishii hapo. Mtoto wa Busia anaweza kuwa amezaliwa katika hospitali ya Tororo kwa kuwa ndiko alikokuwa bibi, akasoma msingi Kenya, akahamia Uganda karo iliposhinda, akarudi Kenya baba alipopata kibarua. Kwa watu wa hapa huko si kwenda nchi za nje. Ni kwenda kwa shangazi. Kumbuka kwamba boda boda yenyewe ilianzia Busia, baiskeli zikiwavusha watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Lakini mfumo wa takwimu za elimu wa Kenya ulioanza 2017 ulidai namba ya cheti cha kuzaliwa ili mwanafunzi asajiliwe, na asiyesajiliwa shule haikupata fedha zake, zile shilingi 22,244 zilizowekwa kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa upili. Kwa hiyo mwalimu mkuu mwenye huruma alilazimika kumbeba mtoto huyo kwa mgao wa wengine. Basari nayo inadai barua ya chifu, na chifu anaandika kuhusu wakazi anaowajua. Aliyehama mara mbili hajulikani na chifu wala na mwenyekiti wa kijiji, LC1, upande wa Uganda. Misaada ya pande zote mbili inawapita watoto hawa kwa sababu haikumbuki kwamba wapo, kama vile vitabu vya 1996 vilivyomsahau aliyekuwa hajui kusoma Kiingereza.

Namba ya bure ya kusaidia watoto, 116, inafanya kazi Kenya na inafanya kazi Uganda. Ni jambo zuri kuliko wengi wanavyojua, na ingepaswa kuandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa kila choo cha wasichana na cha wavulana toka Sio Port hadi mjini Tororo. Lakini mwanafunzi wa bweni Kenya haruhusiwi simu. Ukiandika namba ukutani bila kumwonyesha simu ipi ataitumia, saa ngapi, na nani hatasimama nyuma yake akisikiliza, umeteremsha katoni nyingine ya vitabu. Simu moja ya shule, chumba kimoja chenye mlango, nusu saa baada ya chakula cha mchana: hayo bodi ya shule inaweza kuyapitisha katika kikao kimoja.

Na kuna jambo ambalo walimu wakuu wanaweza kulifanya bila kikao. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa Februari 2018 na marais wawili, na tangu hapo mzigo unaovuka unakaguliwa mahali pamoja na maofisa wa nchi zote mbili wakiwa chini ya paa moja. Mfuko wa saruji kutoka Tororo una karatasi zinazofuatana nao hadi unapofika. Mwanafunzi anayevuka akiwa ameacha shule hana karatasi inayomfuata, na walimu wa pande mbili hawana hata namba za simu za wenzao. Wapeane namba hizo. Msichana asipoonekana siku tatu upande huu, mwalimu wa darasa apige ng'ambo aulize kama ameonekana, yuko kwa nani, alikuwa amefika wapi katika hesabu, na kama kuna mtu amemsindikiza shuleni au amekwenda peke yake.